Mwalimu mgeni Dodoma: jioni zako utazipeleka wapi?

SWALI

Mwalimu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza kutoka Kisii, Kenya, nina miaka 29, sijaolewa. Nimepata mkataba wa miaka miwili katika shule ya kibinafsi huko Dodoma, naanza Januari. Kufundisha najua. Nauliza maisha baada ya kengele: nikae mtaa gani, jioni nifanye nini, wikendi niende wapi? Wenzangu wananicheka kwamba naenda jangwani kuhesabu mibuyu. Stima na maji ni ya kutegemewa? Na Kiswahili changu cha Kenya kitanitosha?

JIBU

Mdogo wangu, karibu sana. Nimekalia kiti cha mwalimu wa taaluma miaka 15 sasa, katika shule tatu za mchepuo wa Kiingereza hapa mjini, na karibu kila Januari napokea mgeni: Mkenya, Mganda, mara mojamoja kijana wa kujitolea kutoka Uingereza. Walioondoka kabla ya mkataba kwisha nawakumbuka wote. Hakuna aliyeshindwa na darasa. Walishindwa na saa moja ya jioni. Mtu anafika chumbani, anavua viatu, anakaa kitandani na simu yake, na kuanzia hapo mpaka usingizi umchukue hakuna anayemtarajia popote. Miezi mitatu ya hivyo inatosha kumfungisha mtu virago. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujapanda basi.

Nianze na ulilolimalizia, Kiswahili, maana hicho ndicho kitakachokufungulia mengine. Maneno unayo ya kutosha na kubaki. Utakachojifunza ni mwendo wake. Mwenzako mmoja wa Kakamega, wiki yake ya kwanza, aliingia kwa mama ntilie anayetulisha walimu akasema kwa sauti ya kwao ya kawaida kabisa, "Mama, niletee chai na chapati mbili, haraka." Hakuwa na ubaya wowote. Mama yule alimtazama, akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, akamhudumia wa mwisho. Mimi niliyefika nyuma yake nilikunywa chai yangu nikamaliza, yeye bado anangoja. Hapa unatanguliza "habari za asubuhi, mama", unangoja "nzuri, za kwako?", unajibu, ndipo unasema "naomba chai". Naomba, hata kama hela unayo mkononi. Shikamoo ni ya kila aliyekuzidi umri: mlinzi wa getini, dereva wa gari la shule, hata mzazi aliyekuja kukugombeza kwa sababu ya daftari la mwanawe. Kwa huyo wa mwisho ndiyo hasa, kwa sababu akishaitika marahaba ukali wake unapungua nusu.

Maneno machache yatakuchekesha. Stima ni umeme, matatu ni daladala, tuktuk ni bajaji, githeri ni makande. Nyanya ni ya kachumbari tu. Bibi ni mama mzaa mama au mama mzaa baba, kwa hiyo ukimuuliza mwalimu mwenzako bibi yake anaendeleaje, atakujibu alishafariki zamani, nawe utabaki unatoa pole kwa mke aliye hai. Ukiona kibao cha daladala kimeandikwa Kikuyu usidhani umepotea njia. Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini ni kata za hapa.

Jambo jingine: Mkenya hapa ana sifa ya Kiingereza, na sifa hiyo ina upweke wake. Walimu watakuogopa kidogo, watahesabu sarufi kabla ya kukusemesha. Ukitania kwa Kiswahili mara mbili tatu ofisini, ukuta huo unaanguka. Kiingereza kiache darasani na kwenye paredi, ulipwe kwa ajili yake.

Kibali hukukiuliza, ila bila hicho starehe haina ladha. Mkenya haulizwi viza mpakani, lakini muhuri wa Namanga haukupi ruhusa ya kufanya kazi. Unahitaji viwili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Vinaombwa na mwajiri. Niliwahi kufanya kazi na binti aliyeambiwa na shule moja "njoo tu, kibali kinafuatiliwa". Kilifuatiliwa muhula mzima. Kila akiona gari la serikali alirudi ndani, na mji huu magari ya serikali ndiyo mengi kuliko yote. Hakuona mnada, hakuona kwaya, hakuona kitu. Omba nakala ya kibali kabla hujanunua tiketi. Tena kibali kinataja kazi yako na mwajiri wako, kwa hiyo tuisheni ya kulipwa kwa majirani usiiguse. Vibiashara vya pembeni navyo ni hivyohivyo: Julai 2025 serikali ilitoa orodha ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na humo zimo saluni, ufundi simu na uwakala wa kutuma fedha.

Sasa nyumba. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, wengi wanataka sita, na dalali atadai yake ya mwezi mmoja. Zungumza na shule wakukopeshe na kukukata kidogokidogo; hilo ni la kawaida, usione haya. Elewa pia kwa nini nyumba na maji vinagombaniwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilihamia, watumishi wakaja na familia, na mabomba hayakukimbia kwa kasi hiyo. Mto hatuna. Maji mengi yanatoka visima vya Mzakwe, kaskazini mwa mji, na yanatoka kwa mgao. Yana chumvichumvi, birika lako litavaa koti jeupe kwa ndani kabla ya Pasaka. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?", kila dalali atakujibu yapo. Uliza yanatoka siku gani, na simtanki ni la lita ngapi kwa wapangaji wangapi. Umeme kwa kawaida unakaa, unaununua kwa simu kabla ya kuutumia, ndiyo LUKU. Hakikisha mita ni yako peke yako, maana kuchangia mita na jirani mwenye jiko la umeme kumevunja urafiki mwingi.

Mtaa gani? Wenzangu watakushauri viwanja vipya vya pembezoni, nyumba nzuri, bei nafuu, upepo. Mimi nakukataza, angalau mwaka wa kwanza. Huko jioni ni kuta za fensi na mbwa. Tafuta Chang'ombe, Area C, Ipagala, au sehemu za Kisasa zilizochangamka, mahali ambapo ukitoka getini kuna genge la mboga, duka, mama wa maandazi na watoto wanaokuita "Madam!" kabla hujafika. Chumba na sebule chenye choo cha ndani katika uwanja wa wapangaji wanne kinakufaa kuliko nyumba nzima uliyomo peke yako. Usiku ukiugua, ukuta wa jirani ni dawa ya kwanza.

Siku ya kazi haina mengi ya kueleza, unaijua. Gari la shule linaweza kukupitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Paredi, vipindi, chai ya saa nne, ugali na maharage saa saba, halafu lundo la madaftari ya kusahihisha. Ukipewa darasa la saba, jua kuna kambi na prepo, na Jumamosi asubuhi si yako. Andalio la somo na azimio la kazi vitakaguliwa, tena na mimi au mtu kama mimi, kwa hiyo usiviache mpaka Jumapili usiku.

Turudi kwenye ile saa moja ya jioni. Dodoma ni mji wa watumishi. Bunge likikaa, hasa la bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, gesti zinajaa, nyama inapanda, baa za katikati zinachangamka. Bunge likiahirishwa, mji unashusha pumzi. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar mwaka 2024, Ijumaa jioni utaona masanduku ya magurudumu yakielekea stesheni: watu wanakwenda kwa familia zao Dar kwa saa nne hivi, safari ambayo kwa basi ilikuwa inawala siku nzima. Ukiutazama mji huu kwa macho ya mtu anayetafuta burudani ya kununua, utasema umekufa. Burudani yenyewe ipo kwa watu, na watu wanakutana kwa siku maalumu. Kazi yako mwezi wa kwanza ni kujipachika mahali pawili ambapo usipofika utaulizwa.

Mwalimu mmoja wa Kiganda, mkimya kuliko wote niliowahi kupokea, alijiunga na kwaya ya kanisa la mtaani kwake. Mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Jumapili ibada. Sauti yake ya nne ilikuwa ya wastani, simsifii bure. Lakini alipougua malaria, kwaya nzima ilimpikia kwa zamu, na alipomaliza mkataba aliongeza mwingine. Kama hupendi kuimba, tafuta kikundi cha jogging. Wanakimbia alfajiri ya Jumamosi na fulana zao za rangi moja, wanaimba barabarani, wakimaliza wanakunywa supu pamoja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ya usafi, maduka yanafunguliwa baadaye, kwa hiyo shika fagio utoke nje. Majirani wote watakuwa barabarani na ndipo majina yanapofahamika.

Mpira. Utaulizwa ndani ya dakika kumi za kwanza kama wewe ni Simba au Yanga, na Shabana ya kwenu si jibu. Chagua mmoja, usibadilishe. Dodoma Jiji ikicheza nyumbani, Uwanja wa Jamhuri uko katikati ya mji. Siku nyingine kuna kibanda umiza: benchi za mbao, runinga mbili ukutani, joto, na mabishano ambayo hakuna kamusi itakayokufundisha. Wanawake huko ni wachache. Nenda na walimu wenzako mara ya kwanza, utapata siti.

Halafu harusi. Hili walimu wageni hawaambiwi, na ndilo litakalokula jioni zako na mshahara wako. Wiki ya tatu au ya nne utakuta kadi mezani kwako: mwalimu wa hisabati anaoa Juni, unaombwa mchango. Utashangaa, humjui hata jina la pili. Usiirudishe kadi. Ahidi kidogo, andika kiasi utakachokimaliza, kisha ukimalize mapema, kwa sababu atakayekumbukwa ni yule aliyekamilisha. Na ukiambiwa uingie kamati, kubali. Kamati inakaa kila wiki, mara nyingi kwenye baa tulivu yenye bustani, soda na mishkaki, mwenyekiti anasoma orodha ya wadaiwa watu wanacheka, na hapo utajua nani ni nani ndani ya shule yako na nje yake. Kuna sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kuna kichen pati ya wanawake na kitenge cha sare unachotakiwa kununua. Jiwekee fungu la michango kila mwezi kama unavyojiwekea la umeme, likiisha limeisha, sema "mwezi huu nimebanwa", hakuna atakayenuna. Msiba ni tofauti: msibani unakwenda, hata kwa nusu saa, hata mikono mitupu.

Jumamosi yako moja ya mwanzo, niahidi utakwenda mnada wa Msalato. Uko nje kidogo ya mji, barabara ya Arusha. Fika kama saa sita. Utapita kwanza kwenye ng'ombe na mbuzi, wanaume wenye fimbo wakibishana bei kwa Kigogo, lugha ya wenyeji wa hapa, kisha mitumba iliyomwagwa kwenye maturubai, masufuria, kamba, viatu vya matairi. Moshi utakuonyesha nyama ilipo. Mbuzi wametundikwa, unachagua sehemu, mimi nasema mbavu na kipande cha paja, inapimwa mbele yako, inachomekwa kwenye mti na kusimikwa kando ya moto. Hapo usifanye kosa la wageni la kwenda kutafuta kiti. Simama na nyama yako. Mijiti inafanana yote, na mchomaji ana wateja ishirini. Ikiiva inakatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili, ndimu, ugali au ndizi. Unakula kwa mkono na vumbi kidogo, na mzee usiyemjua atakukaribisha kwenye meza yake. Mwamkie "mbukwenyi". Kigogo chote unachohitaji kwa siku ya kwanza ni hicho, na kitakupatia kipande cha ziada.

Ukialikwa nyumbani kwa Wagogo utapewa mlenda. Utelezi wake unawashinda wengi. Siri ni kutouvuta juu: tonge dogo, zungusha mkono, kata, mdomoni. Mlenda wenye karanga na ugali wa uwele ni chakula nisichokibadilisha kwa chipsi mayai, ingawa wanangu hawakubaliani nami.

Kwa siku za kawaida, kuna Nyerere Square katikati ya mji, jioni watu wanapiga picha na watoto wanakimbia, na kuna bustani ya Chinangali. Picha piga huko. Majengo ya serikali usiyapige, hata kama jua limeyapendeza. Sokoni Majengo, Jumamosi asubuhi, nyanya zinapimwa kwa sado, ile ndoo ya lita nne, dada yake gorogoro yenu. Usiku panda bodaboda unayemjua kwa jina, au umtume mwenzako akuitie wake.

Safari ndefu usizirundike mwaka wa kwanza. Mbili zinatosha. Moja ni Chamwino, mashariki mwa mji, ambako kuna kituo cha sanaa kinachoandaa tamasha la muziki wa Wagogo: zeze, ilimba, na ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake wakiwa wameibana kwa mapaja. Ni muziki uleule aliouzungusha duniani marehemu Hukwe Zawose, na kuusikia ukitoka kwenye vifua vya watu wa kijiji kizima ni jambo lingine kabisa. Utalala umechoka na sauti zao bado ziko masikioni. Ya pili ni Kolo, mbele kidogo ya Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey, ambaye Wakenya mnamjua kwa mambo ya kale, aliinakili michoro hiyo mwaka 1951. Uzuri wake kwako ni kwamba Kolo iko njiani: basi la Dodoma kwenda Arusha kupitia Babati linapita hapo, na ndiyo njia yako ya Namanga na nyumbani. Ukienda likizo ya Juni, lala Kondoa usiku mmoja, asubuhi chukua mwongozaji ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, panda mlima na viatu vya kufunga. Pango la Mungomi wa Kolo bado lina watu wanaokwenda kutambika, kwa hiyo ukikuta dalili za tambiko usiguse.

Hela ya nyumbani utaituma kwa M-Pesa, ya Vodacom kwenda ya Safaricom. Makato yapo, kwa hiyo tuma mara moja kwa mwezi. Laini ya simu utasajili kwa pasipoti na alama za vidole.

Mwisho mzigo. Utafika Januari, mvua zimeshaanza, na utakuta mahindi na mtama shambani hadi ukingoni mwa barabara. Utawapigia simu wenzako uwaambie jangwa ni la kwao. Usijisifu haraka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinakwisha Aprili, na kuanzia Juni upepo unashika zamu: vumbi linaingia kwenye kabati lililofungwa, midomo inapasuka, na usiku kuna baridi ambayo mtu wa Kisii ataiheshimu. Leta sweta mbili, mafuta mazito ya kujipaka, mtandio wa kufunika kichwa unapopanda bodaboda, na blanketi kama begi lina nafasi. Kabla ya hapo, Februari na Machi, kuna zabibu. Zinauzwa kwenye mabeseni kandokando ya barabara, nyekundu na nyeusi, na zitarudi tena Agosti na Septemba. Onja ya chini kwenye beseni kabla ya kulipa, kwa sababu zile za juu zimepangwa kwa ajili ya wageni.